Ukucha wa Muuza Sandali

Emiliana anauza sandali za mitumba sokoni Muyinga, na mguu wake ndio tangazo. Mteja akisita, anaivaa ile sandali mwenyewe, anazunguka nayo kidogo, mteja analipa. Lakini ukucha wa kidole gumba ulipogeuka wa njano na mnene kama pembe, wateja wakaanza kutazama ukucha, siyo sandali.

Hapo kila mtu akawa daktari. Shemeji yake alileta kitunguu saumu; Emiliana akakipaka, akanuka kama jiko la harusi. Arielle, Mkongomani anayeuza vitenge hapo pembeni, akamwambia, "Weka vinaigre, siki ile, dada. Mi nilipona wiki moja tu." Emiliana akaloweka mguu mpaka ngozi ikachubuka, ukucha ukabaki pale pale.

Akachoka, akapanda gari mpaka Gitega kwa daktari wa ngozi.

"Hiyo ni fangasi, mama. Pomadi haipenyi ukucha mnene hivi," daktari akasema. "Dawa ya kupaka kama rangi ya kucha inachukua karibu mwaka. Vidonge vina nguvu zaidi, miezi mitatu, ila kwanza tupime ini."

"Ya wiki hii hakuna?"

"Hakuna."

"Mbona Arielle alipona wiki moja?"

"Alipona nini?"

 Emiliana akanyoosha mkono watoe damu, amenuna.

Aliporudi sokoni akamuuliza Arielle alipona nini hasa.

"Mba," Arielle akasema. "Ya kichwani."

 Emiliana alirudisha sandali kwenye gunia, akapanga raba za kufunika vidole, na mteja wa kwanza aliposita akamwambia, "Jaribu na mguu wako, kaka."