Fundi Kalenda Aulizwa Kiasi

Mtaa mzima ulimwita Kalenda, maana fundi huyu wa cherehani hakuwahi kuandika oda popote. Ukimpelekea kitambaa leo, mwakani atakutajia siku uliyokileta, kama mvua ilinyesha, na kwamba ulisahau zipu.

Kwa kichwa hicho, aliporudi shule na miaka yake thelathini na saba, alijua historia itakuwa kama kumsukuma mlevi. Kidato cha nne aliipasua vizuri tu: akiambiwa ataje sababu tano, anataja saba. Nia yake ilikuwa aje kuifundisha siku moja. Basi akaingia kidato cha tano, darasa la watu wazima, saa nane mchana.

Jaribio la kwanza lilikuwa na swali moja: “Kwa kiasi gani reli ilisababisha miji kukua?” Kalenda akatabasamu. Kaulizwa kiasi, akatoa kiasi. Akaandika kilomita, idadi ya stesheni, na mwaka wa kufunguliwa kwa kila kipande, kurasa sita nzima. Mwisho, asije akaonekana mchoyo, akapigia mstari jibu lake: asilimia themanini.

Akapata sita juu ya ishirini na tano.

“Mama, nilikuuliza kwa kiasi gani,” alisema mwalimu, kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho.

“Si nimekujibu? Themanini.”

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.

“Umenipimia reli kama kitambaa. Mimi nilitaka ubishane. Reli ilifanya nini, nini haikufanya, na wewe umejuaje.”

“Nibishane na wewe, mwalimu?”

“Na mimi, na kitabu, na aliyekiandika. Huku kidato cha tano, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ijumaa kuna jaribio jingine. Ukipata chini ya kumi na mbili tena, ofisi itakutoa kwenye historia.”

Alirudi kwenye kibanda chake cha ushonaji amenuna. Wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akishona vifungo, akamtazama.

“Darasa gani hili?” Kalenda akalalamika. “Naulizwa kiasi, nataja asilimia themanini, napewa sita. Ukijua sana, unafeli.”

“Labda ni umri, wifi. Ubongo nao una tarehe ya mwisho wa matumizi.”

“Shona vifungo vyako.”

Hawajamaliza, akaingia mteja na gauni mkononi. Halifungi mgongoni, akalalamika, na kosa ni la fundi.

“Kosa langu lipo,” Kalenda akasema, akiligeuza gauni. “Mshono wa kiunoni niliubana kidogo, huo hapa. Lakini tazama upindo ulivyojikunja. Hili limefuliwa kwa maji ya moto. Na vipimo ulinitumia kwa simu, vya kabla hujabeba mimba, na sasa umeshajifungua. Kwa hiyo mimi nimo, ila kubwa ni hivyo vipimo.”

Mteja akakubali lipanuliwe. Alipotoka, wifi akaweka sindano chini.

“Mbona huyu hukumwambia asilimia?”

Kalenda akaligeukia tena lile gauni. Halafu akatukana kidogo, si kwa sauti ya kusikika nje.

Ijumaa waliulizwa kwa kiasi gani ukame ulifanya watu wahame. Safari hii akabishana: ukame umo, lakini vita vimo, na kodi imo, na wapo waliopigwa na ukame ule ule wasihame. Miaka ilikuwa inamwasha vidoleni, akaizuia yote. Kurasa mbili tu, akakabidhi.

Karatasi ilirudi na kumi na tatu. Chini mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: “Unabishana vizuri. Ushahidi uko wapi? Hakuna hata mwaka mmoja.”

Akaisoma mara tatu pale pale mlangoni mwa darasa. Akiweka miaka, kosa. Akiitoa, kosa. Sasa ni kuiweka, lakini iwe inatetea hoja, na hilo hakuna aliyemwambia mapema.

“Umetolewa?” wifi akamuuliza alipofika.

“Nimebaki,” akajibu, kwa sauti ya mtu aliyefukuzwa, akafungua kitabu cha juma lijalo. Kurasa mia tatu, na picha haimo hata moja.