Mstari wa Maama uling'aa kuliko wote

Leo nimeiogopa maabara yangu mwenyewe.

Tulikuwa tunapima vinasaba vya usugu, vile vinavyofanya bakteria asife hata umpe antibiotiki. Ukiwasha taa ya zambarau gizani, sampuli yenye usugu inaonyesha mstari unaong'aa kwenye jeli. Isiyo nao inabaki nyeusi.

Nilitaka sampuli ya kulinganishia, ya mtu asiyemeza dawa kabisa. Nikamkumbuka Maama, bibi yangu wa Kasoli. Siku hizi maduka ya dawa yamejaa kila senta, yeye bado anajitibu kwa mizizi. Sampuli ya choo akanipa huku akinicheka.

Nikazima taa za chumba, nikawasha ile ya zambarau.

Mstari wa Maama uling'aa kuliko wote.

Nikadhani nimechafua kitu. Lakini pale nilipoweka maji matupu palikuwa peusi tii. Nikarudia. Ukang'aa tena, mahali palepale.

Nikampigia, nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Maama. Kweli hujawahi kumeza antibiotiki?"

"Mwangaluka. Nimeze za nini? Zile za rangi mbili nawafungulia kuku kwenye maji."

"Kuku wanaumwa?"

"Nawapa ili wasiumwe."

"Na wanalala wapi?"

"Si hapa chini ya kitanda! Umesahau?"

Halafu jogoo akawika ndani ya simu, karibu kabisa na mdomo wake.

Jamani, kumbe bakteria sugu wa kuku wamehamia kwa Maama, na kitanda hicho nilikilalia wikendi nzima iliyopita.

Kesho najipima mimi.

Kuku wenu wanalala wapi?