Bipu Nne Kutoka Kigombe

Simu yangu ya kwanza ilikuwa ya mjomba. Aliiacha nyumbani kwetu Makorora, mjini Tanga, alipopata nyingine, nami nikajimilikisha kabla hajafika mlangoni. Nzito, ina kimkia cha antena, na betri yake imebanwa kwa mpira isidondoke. Niliibeba mkononi, siyo kwenye mkoba, maana kuwa na simu watu wasijue kuna faida gani? Mama alisema natembea kama niliyebeba yai.

Hiyo ilifia kwenye ndoo ya kufulia. Ikaja simu ya tochi, na sijapenda simu tena kama nilivyoipenda ile. Chaji yake ilidumu mpaka ukasahau chaja umeiweka wapi. Tena ndiyo iliyonipa mume.

Mume mwenyewe ni Mpemba. Wakati huo alikuwa akileta karafuu na mikeka Tanga, tukajuana dukani kwa mjomba. Uchumba wetu tuliuendesha kwa bipu. Unapiga, simu ya mwenzako inalia mara moja, unakata. Salio lako halijaguswa, na ujumbe umefika. Anayepokea bipu hana adabu, amekula vocha ya mwenzake.

Ikafika posa. Baba yangu alikwisha kufariki, kwa hiyo neno lilikuwa la baba mkubwa, aliyekuwa akiishi na bibi kijijini Kigombe. Baba mkubwa hakuwa na shida na kijana wala ukoo wake. Shida yake ilikuwa maji. Mtoto akiolewa ng'ambo kule, alisema, siku akiumwa sisi tutajuaje? Washenga wakanyweshwa kahawa, wakaambiwa jibu wakalichukue Ijumaa. Nilimtaka yule kijana, nasema wazi, na sikuwa na wa akiba.

Binti hakai kwenye jibu la posa yake. Nilibaki Makorora, nikapatana na shangazi aliyekuwa Kigombe: wakikubali anibipu mara moja, wakikataa mara mbili. Nyumbani kwa bibi mtandao ulishika mahali pamoja tu, dirishani kwake, na simu ya nyumba ilikaa pale imening'inia kwenye msumari, ndani ya kimfuko. Ukitaka kuongea unatoa kichwa dirishani kama mbuzi aliyeona majani.

Ijumaa baada ya sala nilikaa kizingitini, simu mapajani. Ikalia mara moja, ikanyamaza.

Niliruka! Nikamkumbatia mama pale pale kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kifuu kikabiringika mpaka uani, naye akacheka huku ananigombeza. Furaha ile hata siku ya harusi sikuipata.

Kisha ikalia tena. Bipu ya pili. Nikakaa chini sakafuni. Mama akasema labda shangazi yako kakosea kidole. Kabla hajamaliza ikalia ya tatu, halafu ya nne, zote namba ile ile ya Kigombe. Tatu na nne hazikuwamo kabisa katika mapatano yetu.

Nilikimbia pekupeku mpaka dukani, nikachukua vocha, nikaikwangua kwa pupa mpaka nikafuta na tarakimu moja. Nikabahatisha, ikakataa, nikabahatisha tena, ikaingia. Nikapiga. Akapokea bibi.

Sasa, bibi yangu humwulizi habari kabla salamu hazijaisha, hata nyumba iwe inaungua. Nikatoa shikamoo, akaipokea, akauliza hali yangu na ya mama, akamwulizia jirani yetu aliyevunjika mguu, akauliza kama mvua huko Makorora imenyesha. Nami ikabidi nimwulize miguu yake, naye akanieleza, mmoja baada ya mwingine. Salio linayeyuka.

"Bibi," nikasema, "wageni wamejibiwa nini?"

"Kwani hawajakwambia hawa? Ngoja usikize mwenyewe."

Akaitoa simu nje ya dirisha. Nikasikia masufuria, kisha kigelegele, kikadakwa na kingine, mpaka ua mzima ukalipuka. Hakuna nyumba ya Pwani inayopiga vigelegele kwa posa iliyokataliwa. Salio likakatika hapo hapo, nami sikuwa na haja nalo tena. Nilipiga changu pale dukani, peke yangu, wanunuzi wakanipisha.

Kwetu mleta habari ya heri hupewa kanga. Shangazi alibipu kama tulivyopatana. Alipoondoka dirishani mke wa baba mkubwa naye akabipu, kanga isimpite. Akafuata shangazi mdogo, na mwisho bibi mwenyewe. Kila mmoja aliapa kuwa bipu ya kwanza ni yake. Niliwanunulia wote.

Na kilichomlainisha baba mkubwa? Alipouliza tena siku nikiumwa watajuaje, mshenga mzee alinyoosha kidole kwenye simu iliyokuwa msumarini. Baba mkubwa akaitazama, akakubali kwa sharti moja: kila Ijumaa baada ya sala nimbipu, ajue mimi ni mzima.

Nimeshahesabiwa mtu wa Pemba sasa. Simu zimepita mkononi mwangu nyingi, na hii ya leo ni ya kupangusa, inaonyesha uso wa mtu mpaka vinyweleo. Kigombe nako siku hizi mtandao unashika hata jikoni. Niliwahi kumpigia baba mkubwa ya video, nikiwa na hamu amwone mjukuu wake. Aliiacha ikalia mpaka ikachoka. Baadaye akaniagizia kwa shangazi kwamba yeye hana tabia ya kupokea bipu za watu.

Ijumaa iliyopita tulikuwa tunaanika karafuu, wingu limetanda, kila mtu mbio. Sala ikapita, alasiri ikakaribia, sijambipu. Simu ikalia mfukoni mara moja, ikanyamaza. Namba ya Kigombe. Mzee wa watu alikuwa hajawahi kunibipu maisha yake yote.

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikambipu hapo hapo, mara nne.