Sugiya na Kuba Lililopotea

Sugiya alikuwa mjane wa kabila la Watharu kijijini kwetu Bakhrahi, na ndiye aliyewapikia wachimbaji wali na dengu. Kwa misimu miwili wataalamu kutoka Kathmandu walikuwa wakitafuta kuba la matofali ambalo zamani mahujaji wa Buddha walikuwa wakilizuru, kisha likasahaulika. Mwongozo wao ulikuwa mmoja tu, maandishi ya mtawa wa Kichina: kuba liko hatua mia tatu kaskazini mwa bwawa lisilokauka. Wakachimba kaskazini mwa bwawa letu kubwa, wakaambulia vigae vya juzijuzi.

Siku moja, wakati wa chakula, Bi Ramila, mkuu wao, aliyasoma tena maneno yale kwa sauti ya mtu aliyechoka. Sugiya akaangua kicheko, upawa mkononi.

"Bwawa lipi hilo, binti yangu? Hili alilichimbisha mwenye mashamba. Babu yangu ndiye aliyebeba udongo wake kichwani!"

Msimamizi Dhaniram, mdogo wa marehemu mumewe, akadakia. "Shemeji, angalia dengu zisiungue. Kwani wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"Darasa la konokono! Wewe unawafyonza tu nikikupikia, wala hujui wanatoka wapi."

Watu wakacheka hadi kupaliwa. Bi Ramila hakucheka. "Wanatoka wapi, mama?"

Sugiya akaeleza. Kiangazi, mabwawa yote yakipasuka nyufa, konokono hubaki mahali pamoja tu, kwenye matete nyuma ya mashamba ya mpunga. Maji ya pale hayajawahi kukauka. Kaskazini mwake kuna mwinuko wenye miiba, na panya wakifukua hutoa vipande vya matofali.

Wakaenda mchana uleule, Sugiya mbele, Dhaniram nyuma akihesabu hatua na kunung'unika. Alipotamka mia tatu na nane, miiba ikamchoma muundi. Walikuwa wamefika kwenye mwinuko.

Siku ya nne ya kuchimba, ukuta ulianza kujipinda, matofali mapana kama sinia yakizunguka kufuata duara. Bi Ramila akaruka kutoka shimoni, akamkumbatia Sugiya, masizi na vumbi vikachanganyika.

"Ndilo, mama! Ndilo lenyewe!"

Wanawake wakatoa ngoma, wakacheza mpaka jua likazama.

Siku hizi mahujaji wanakuja, wamevaa nguo nyeupe. Dhaniram ndiye anayewasimulia habari za kuba, naye Sugiya hukaa kando akitabasamu, akimsahihisha mbele ya wageni bila huruma.