Jicho Nisilolitazama

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ambayo mpaka leo hainitoki. Niliteremka kutoka Kyimo hadi Tukuyu mjini, mvua ikininyeshea njia nzima, kumtafutia baba mkwe wangu mafuta ya macho. Si ya kutia machoni; ya kumeza.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria ilipoanza. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yamefunguliwa karibuni, na vitu tulivyozoea kuvisikia tu vilikuwa vimepangwa kabatini. Nilikuwa na digrii lakini sina kazi, maana serikali ilikuwa imeacha kuajiri kama zamani. Mume wangu alifanya kazi Mbeya, mimi nikakaa kwa wazazi wake, nikiwaza kutwa nzima. Nikisalimiwa asubuhi, nilijiuliza mpaka jioni kama niliitikia vizuri.

Baba mkwe, ambaye jina lake silitamki hata leo, alikuwa amechochea kuni katika tanuri la kiwanda cha chai kwa miaka mingi, macho yakamkauka. Alilalamika kwamba ana mchanga chini ya kope. Nilikuwa nimesoma mahali kuwa mafuta ya mbegu za kitani, yakimezwa, huwapa nafuu baadhi ya wenye macho makavu. Nikafurahi kwamba elimu yangu imepata kazi.

Mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, alikishika kichupa cha vidonge vya mafuta hayo bila kunipa.

"Dada, hiki ni kama chakula. Kinasaidia ukavu, tena polepole. Jicho lenyewe likoje? Lina weupe juu ya mboni?"

"Halina," nikasema.

"Umelitazama mwenyewe?"

"Nimelitazama."

Mwanangu, sikuwa nimewahi kuyaona macho ya mtu yule. Kwetu Wanyakyusa, mke hamtazami baba wa mumewe. Nikisikia kikohozi chake njiani, niliingia migombani, nikainama na kujifunika khanga mpaka apite. Chakula chake alikipeleka mama mkwe. Ningemwelezaje haya yule mzee, mimi msomi? Niliona ataniona mshamba. Kwa hiyo nikadanganya.

Majuma ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mama mkwe aliniletea shukrani: "Ndaga fijo, anasema. Mchanga umepungua." Nikatembea kifua mbele.

Kisha jicho la kushoto likaanza kuuma.

"Leo amekataa kukaa mlangoni," mama mkwe akasema. "Mwanga unamchoma. Msomi wetu, dawa yako imechoka?"

Nikaisoma karatasi ya kichupa mara nne. Labda anameza kabla ya kula. Labda mafuta yameharibika. Labda kidonge kimoja hakitoshi. Nikasema ameze viwili. Niliwaza kila kitu isipokuwa kumwuliza mama mkwe jicho lile lina rangi gani. Mama mkwe naye alikuwa haoni vizuri, na chumba chao kilijaa moshi.

Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi alimtoa baba yake nje. Nikiwa jikoni nilimsikia akisema, "Baba, hiki kitu cheupe kimeanza lini?"

Hospitali nilibaki nje ya mlango. Daktari alisema ni kidonda juu ya kioo cha jicho. Jicho kavu hukwaruzika upesi, na vijidudu vikishaingia havingoji. Akauliza, "Nyumbani anakaa na nani?" Jicho lilikuwa limekufa.

Waliporudi, mzee alikuja kukaa nyuma ya ukuta wa jiko, akapaza sauti ili nisikie, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwambieni huyo aache kulia. Angenitazama, ningemfukuza hapa nyumbani. Lakini ningemfukuza nikiwa na macho mawili."

Mama mkwe alianza kucheka, akaishia katikati.

Kwa miaka mingi niliilaumu mila. Huo nao ulikuwa uongo. Mila ilinikataza kutazama, haikunikataza kuuliza. Ningemwambia mwenye duka, "Sijaliona, ni la baba mkwe wangu," angenirudisha nikatafute mtu wa kulitazama. Kilichonifunga mdomo ni hofu ya kuonekana sijui.

Siyatukani yale mafuta. Macho yangu sasa yamekauka, nami nayameza, yananipa nafuu kidogo. Lakini nilianza baada ya kupimwa. Basi usimpelekee mzazi wako dawa ya ugonjwa ambao hakuna aliyeutazama. Jicho likiuma, likiukimbia mwanga au likiwa na weupe, usiongeze vidonge. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui, hata kama uso utawaka kwa aibu. Aibu ile ingenichukua siku moja. Hii ya sasa nitazikwa nayo.

Mungu akupe ujasiri wa kukiri mapema, mwanangu, na wazazi wako wazeeke wakiuona uso wako kila uingiapo mlangoni.