Bakuli Nililolisemea Kabla ya Kuliosha

Nina hasira za karibu, sikatai. Ndiyo maana nilipopigiwa simu asubuhi ile nikiwa Garsen, nikaambiwa kaka yangu ameshikwa na bakuli la kaburi, sikuuliza hata swali moja. Niliwaacha watoto wa chekechea na mwalimu mwenzangu, nikapanda pikipiki kwenda Kipini, nikimsema kimoyomoyo njia nzima. Mtu mzima na ndevu zake! Tulipofika Witu, mwenye pikipiki aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia aangalie barabara.

Kaburi lenyewe liko kwenye magofu, nje kidogo ya mji. Lina nguzo ya mawe, na juu kwenye nguzo hiyo watu wa kale walipachika bakuli la Kichina, jeupe lenye michoro ya buluu, wakalishika kwa chokaa. Tangu nipate akili limekuwa pale, watu wakipita wanasoma fatiha. Wiki ile lilikutwa limebanduliwa, pamebaki shimo. Na nani alikuwa akifyeka vichaka pale kila siku? Kaka yangu. Walipoingia nyumbani kwake wakakuta bakuli jeupe lenye buluu limefukiwa jikoni, ndani ya majivu. Haya, mtetee mtu kama huyo.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani kwake, wanaume wawili wamemkalia huku na huku. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ua wa makuti. Mzee anayetunza kaburi alikuwa amesimama, fimbo mkononi, uso ameukunja. Nilimwamkia, akaitikia kwa shida. Kaka yangu nilimpita tu.

Naibu wa chifu hakuzunguka. "Dada, gari la polisi limeshatoka Garsen," akasema. "Wewe ndiye unayevijua vitu hivi. Ukisema bakuli ni lile la kaburi, ndugu yako anaondoka na gari, na hapa kijijini sidhani kama atarudi. Ukisema silo, tunamwachia sasa hivi. Lakini sema kweli."

Niseme nilivijuaje. Kabla sijaolewa nilifanya kazi misimu miwili na wataalamu waliokuja kuchimba pale magofuni. Kazi yangu ilikuwa kuosha vigae. Unakaa na beseni na mswaki mchana kutwa, unaosha vipande vya vyombo vya kale, unavipanga kwenye karai. Yule mama aliyetusimamia alikuwa mkali, lakini alinifundisha, hata akanipandisha ngazi nilichore bakuli la kaburi. Alinionyesha buluu ya kale inavyokolea mahali pengine mpaka ikawa kama nyeusi. Alinionyesha kitako cha bakuli, lile duara ambalo bakuli hukalia, jinsi chembe za mchanga wa tanuri zinavyoganda pale. "Geuza," alikuwa akisema. "Juu ni mapambo. Habari iko chini."

Basi nikaletewa bakuli, nikaligeuza. Lilikuwa chafu ajabu. Mafuriko yalikuwa yameingia jikoni, majivu yakalowa, yakakauka na kuganda ndani na nje kama ukoko wa sufuria. Lakini kitako nilikiona. Mchanga ulikuwepo. Buluu iliyokolea ikawa nyeusi ilikuwepo. Kitu cheupe kilikuwa kimeng'ang'ania ukingoni mwa kitako, na mzee akakiona kabla yangu.

"Chokaa!" akasema. "Chokaa ya kaburi hiyo, si mnaiona wenyewe?"

Watu wakaguna. Kila nilichofundishwa kilikuwa kinaniambia bakuli hili ni la kale, na kaka yangu, kaka yangu wa tumbo moja, ni mwizi wa makaburi.

"Ni la mama," kaka akasema. Alikuwa ananiangalia mimi, si naibu. "Kuna watu walikuwa wanazunguka wakitafuta sahani za kale. Mama akaniambia nilifukie wasilione. Wewe ulikuwa umeshaolewa."

Nikapandwa. Mbele ya watu wote wale nikamjibu, "Mama hakuwa na bakuli kama hili! Angekuwa nalo ningelijua mimi."

Kaka akainamisha kichwa. Mzee akasema basi, yamekwisha, dada yake mwenyewe amesema. Naibu akatoa simu kuwaeleza polisi nyumba ilipo. Nami nimesimama pale, nimeshika bakuli, natazama vidole vyangu vilivyojaa majivu.

Majivu. Kile cheupe nacho nikakikwaruza kwa ukucha, kikatoka unga wa kijivu. Chokaa ya miaka yote ile haitoki kwa ukucha. Hapo ndipo nikamkumbuka yule mama wa magofuni na jambo la kwanza kabisa alilotuambia, siku ya kwanza, kabla hata hatujapewa beseni: usiseme kitu juu ya kigae ambacho hujakiosha. Mimi muosha vigae, nimesema kabla ya kuosha!

"Nileteeni maji," nikasema.

"Dada, umeshasema," naibu akanijibu, simu sikioni.

"Nimesema upuuzi! Leteni maji."

Mwanamke mmoja akaniletea ndoo. Nikachuchumaa, nikaloweka, nikasugua taratibu kwa ncha ya leso. Majivu yakaanza kuachia. Katikati ya bakuli, ndani, pakatokea mduara mtupu usiong'aa, unaokwaruza ukiupapasa. Na mduara wote ulikuwa wa manjano.

Nikainamisha uso juu ya bakuli ili nione vizuri. Ya rabi! Nikalijua.

Sikuwahi kuliona kwa nje, au niliwahi na sikulitia maanani. Nililijua kwa ndani, kwa sababu nilikuwa nikinywea. Nilipokuwa mdogo homa zilinisumbua sana, na mama alikuwa akiandikisha kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani ndani ya bakuli, zinaoshwa kwa maji na marashi, mgonjwa anakunywa. Nikimaliza nilikuwa napitisha ulimi kwenye ule mduara, kwa kuwa ulikuwa unakwaruza.

Nikawaeleza, nusu nikilia. Wafinyanzi wa baadaye walikuwa wakifuta rangi ya kioo, ule ung'avu wa juu ya udongo, pale katikati, ili bakuli jingine likae juu yake tanurini yasigandane. Penye kioo zafarani huoshwa ikatoka, penye udongo mtupu huzama. Na bakuli lenye mduara huo ni la kale, ndiyo, lakini ni la baadaye sana kuliko kaburi lile. Nikafungua simu, nikawaonyesha picha ya mchoro nilioufanya mwenyewe nikiwa juu ya ngazi, misimu ile: bakuli la kaburi lina ua kubwa limejaa katikati, mduara hakuna.

Mzee alilichukua bakuli. Yeye ameandika makombe maisha yake yote, hakuhitaji kufundishwa na mimi. Alipapasa yale manjano kwa kidole gumba. "Zafarani," akasema. Kisha akamwendea kaka yangu, akamshika mkono, akamwomba radhi mbele ya watu. Naibu akapiga simu tena, gari likarudi. Aliyebandua bakuli la kaburi hajulikani mpaka leo.

Watu walipotawanyika nilibaki uani na kaka yangu. Nikamwambia anisamehe, hasira zangu anazijua. Akasema zimepita. Alikuwa amelipakata bakuli, analifuta kwa kikoi chake.

"Nilikuwa nakushika kichwa mimi," akasema, "ili unywe. Mama akishika bakuli, mimi nashika kichwa."

"Nakumbuka sasa," nikasema.

"Sasa." Aliendelea kufuta. "Na yale manjano yasingeonekana? Ungesemaje?"

Aliingia ndani na bakuli lake, nami nikachukua ndoo nikamwaga yale maji machafu. Tunapigiana simu kila wiki, tunaulizana hali za watoto. Swali lile hajaniuliza tena, na jibu bado sijampa.