Jina la Mtu Aliye Hai

Wakati wa ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mtu Mwanza akawa anauza kitu, mimi nilikuwa nimeajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kufuga nyigu. Majirani zangu wa Mabatini walinicheka mpaka wakachoka. Si nyigu wale wa kuchoma watu. Hawa ni wadogo kama punje ya ufuta, na tuliwafuga ili watage mayai ndani ya wadudu weupe waliokuwa wanamaliza mihogo ya wakulima. Mdudu akishatagiwa hafi. Anaendelea kula na kutembea, huku mtoto wa nyigu anamla ndani kwa ndani, taratibu, viungo vya uhai akiviacha mpaka mwisho. Kisha anatoboa mgongo na kutoka, na ganda linabaki limeng'ang'ania jani. Nilikuwa nimezoea. Mtu huzoea chochote.

Niliporudi kazini baada ya kujifungua, mkuu wetu alinikabidhi boksi la sandarusi, ile gundi ya miti ya kale inayochimbwa ardhini huko pwani, imekuwa ngumu kama kioo. Ndani yake walikuwamo wadudu walionaswa zamani ambazo hakuna babu anayezisimulia. Walioandika lebo walikosea kwingi, akasema, hebu wapange upya. Nikaanza na mmoja aliyewekwa katika ukoo wa nyigu wauaji, wanaochoma windo na kulibeba. Sikuafiki. Mabawa yake hayakuwa na mishipa ila mmoja tu, vipapasio vilikunjwa kama kiwiko, na ule mwiba ulikuwa umelala kwenye mfereji chini ya tumbo. Huo si mwiba wa kuulia, ni wa kutagia. Ndugu zake ndio hao niliokuwa nawafuga. Nikamwandikia lebo mpya, na kusema kweli sikupenda alivyokuwa ananitazama kwenye hadubini, mzima kabisa, kama amesitisha kidogo tu alichokuwa anafanya.

Nyumbani nako jina lilikuwa limeleta kesi. Mwanangu nilimpa jina la marehemu baba yangu, na tangu siku hiyo alilia. Alilia akinyonya, akalia akioga. Hospitali walimpima wakasema hana kitu. Mama mkwe wangu, mtu wa kando ya ziwa kule Mara, alikuwa amekuja kunisaidia kulea, naye alishapata jibu lake. "Jina limemkataa," alisema. Kwao mtoto wa namna hiyo hutajiwa wafu wa ukoo, mmoja mmoja, na akinyamazia jina fulani, basi mfu mwenye jina hilo ndiye aliyerudi ndani yake.

Mama huyu alikuwa na kidonda chake. Kitinda mimba wake, shemeji yangu, alivuka na kivuko kwenda Kamanga akaelekea machimbo ya dhahabu Geita, na tangu hapo hapakuwa na barua wala salamu. Kabla ya hapo aliishi kwetu, na kitanda chake kilikuwa bado kwenye chumba cha uani. Mama alikitandika kila asubuhi na yeye mwenyewe akalala chini kwenye mkeka, mtu mzima na mgongo wake mbovu, asije mwanae akarudi akakuta pamekaliwa. Ukimgusia habari za mashimo yanayofukia vijana, aliinuka akaondoka.

Jumapili moja, tumetoka kanisani na mvua inapiga bati, nikachoka. Nikamwambia, haya mama, yataje hayo majina. Akampakata mtoto na kuanza. Babu wa mume wangu. Shangazi aliyekufa kwa uzazi. Wajomba waliozama ziwani. Mtoto analia tu. Mimi sina subira na mambo yasiyopimika, na hilo linajulikana. Nikasema moyoni, ngoja nimwonyeshe. Kazini, ukitaka kujua kama kipimo ni cha kweli, unakipima kwa kitu ambacho jibu lake unalijua. Mtoto akinyamazia jina la mtu aliye hai, basi kipimo ni bure na kesi imekwisha. Nikainama, nikataja jina la shemeji, ambaye mama mwenyewe aliapa kuwa yu hai.

Mtoto akanyamaza.

Hakunyamaza kwa kuchoka. Alinyamaza akafumbua macho, akageuza shingo kama mtu aliyeitwa. Nikamtazama mama. Nilitaka kumwambia, umeona, kipimo chenyewe hakifai, lakini alikuwa tayari amefungua kilemba na kukiweka chini, kama mama aliyefiwa.

Usiku ule mama alilala kwenye kitanda cha mwanae.

Nilipambana naye, msidhani sikupambana. Nilimweleza kuwa alama moja haitoshi, kwamba watoto hunyamaza wakipenda. Mume wangu naye akamsihi. "Lisemwalo lipo," alitujibu, akininyooshea mimi kidole, "na ni wewe mwanangu uliyelisema." Akanyoa nywele. Mtoto akaanza kunenepa, akawa haitiki jina jingine lolote. Hata mimi, nikitaka kumbembeleza, nilijikuta namwita hilo hilo, nami nikaogopa sana.

Ukapita msimu wa mvua, ukaja wa kiangazi. Adhuhuri moja mama yuko mlangoni anachambua dagaa, mtu akasimama mbele yake. Alikuwa shemeji. Amekonda, shati linamning'inia mabegani, ila anacheka kama kawaida yake. Alikuwa Geita muda wote, akisubiri apate kwanza ndipo arudi.

"Shikamoo mama."

Mama aliweka dagaa pembeni. Aliingia ndani, akatoka na kata ya uji, akamwaga kidogo chini, mbele ya miguu yake, kama tunavyowapa waliotangulia. "Umefuata jina?" akamwuliza kwa upole. "Mtoto ameshalizoea, baba. Mwachie."

Shemeji alicheka, kisha akaacha. Akanifuata uani nilikokuwa naanika nepi.

"Shemeji, mama ana nini? Wewe ndiye msomi wa kuangalia vitu. Niangalie vizuri, halafu umwambie kama ni mimi."

Nikamwangalia. Kovu la kwenye nyusi lilikuwepo, pengo la jino lilikuwepo, na sauti ilikuwa yake. Lakini nilikuwa na mwanangu mgongoni, mzito, ametulia tuli, na yule mtu mbele yangu alikuwa mwepesi mno, kama ganda lililobaki kwenye jani. Nilichelewa kujibu, naye akaona kwamba nimechelewa.